Shanga Ndani ya Nepi

Nagla, nimekimbilia jikoni na mtoto, najifanya nachemsha chai!

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni yuko sebuleni. Yule wa ofisi ya mambo ya kale! Na mimi mjinga nilishamwonyesha picha ya zile shanga za kioo za enzi za mafarao, ambazo huku Gurna tunaziloweka na kuoga maji yake maziwa ya kunyonyesha yakikauka.

Nimezificha ndani ya nepi ya Shazli. Zikionekana ni jela, Nagla. Jela!

Mwalimu kaingia tu, akamwambia mama mkwe: "Hajjati, naomba kuziona zile shanga."

Mama mkwe: "Shanga gani, mwanangu? Tungekuwa nazo, huyu mkwe wangu angekauka hivi? Anakunywa uwatu kutwa na tone la maziwa hana!"

Mwalimu akalia. Akalia, Nagla! "Sikuja kikazi. Binti yangu kajifungua, hana maziwa. Mtoto analia njaa mpaka sauti imemkauka."

Mtego au kweli? Mama mkwe kanikazia macho.

Lakini kusikia tu habari za huyo mtoto anayelia njaa, maziwa yakanitoka yenyewe. Gauni likalowa kifuani.

Mwalimu akalitazama. Akasema polepole, "Kumbe zipo."

Chai imechemka, Nagla. Nirudi na vikombe tu, au nifungue nepi?