Ida Amekataa Maziwa, na Mimi Nimeapa Kunyamaza

Mpendwa mshauri Mama Ditram, naomba msaada na naomba unisome haraka, shikamoo kama umenizidi umri na kama nimekuzidi basi tusameheane. Mimi ni mama mtu mzima, nauza chai na chapati Mikumi pale malori yanapopaki, ila nyumbani ni kijijini huku upande wa Kisanga, shule niliishia la nne kwa hiyo usicheke maandishi yangu, naandika kwa simu na kidole kimoja. Mimi ni mtu wa kucheka, madereva wananijua, hata wale wanaotoka Iringa wakisimama wanasema twende kwa mama taarifa ya habari, maana mambo yote ya mji ninayo, lakini toka jana nimekaa kimya mpaka mteja mmoja akaniuliza, mama kuna msiba? Nikamwambia hapana baba, ni meno. Meno hata hayaumi.

Sasa iko hivi. Tuna kikundi chetu cha kujifunza Injili, watu wachache tu, tunakaa duara kwenye kibaraza cha mzee Hezekia kila Jumatano tukitoka shamba, katekista Rafaeli ndiye anatuongoza, tunakunywa chai, kila mtu anasoma mstari wake, anasema kilichomgusa, halafu tunagawanywa wawili wawili kama Yesu alivyowatuma wanafunzi wake, mnaenda pembeni mnaambiana mizigo yenu mnaombeana. Hiyo ya wawili wawili ndiyo naipenda mimi, nisikudanganye. Sasa mwaka jana Anitha alipangwa na mimi akaniambia mambo ya mume wake na nyumba moja ya wageni hapa Mikumi, yakatoka, wakasema ni mimi, jamani mimi nilimwambia mtu mmoja tu, tena shemeji yake huyo huyo Anitha, si mtu wa nje. Basi Rafaeli akaweka utaratibu, kabla ya kwenda pembeni kila mtu anaweka mkono juu ya Injili anasema la hapa linabaki hapa. Wenzangu wanasema mara moja, mimi nasemeshwa mara mbili. Watu wanacheka, na mimi nacheka.

Kwenye kikundi yuko Ida, mjane, mwenyeji wa hapa toka kwa mababu, na yuko Jenipher mke wa Machibya, hao ni Wasukuma, walihamia na ng'ombe wao miaka hii ya karibuni. Jenipher mpole jamani, kila Jumatano analeta maziwa ya chai ya kikundi, na hata chai yangu ya Mikumi ni maziwa yake. Sasa msimu huu mahindi ya Ida yamebeba vizuri, anayaangalia anafurahi, usiku ng'ombe wakaingia, asubuhi anakuta ardhi tupu na mavi ya ng'ombe. Akaenda kwa Machibya. Machibya akasema makundi yanayopita hapa ni mengi mama, wangu walilala zizini, nionyeshe alama. Alama! Kwato zimetoka shambani kwa Ida zimenyooka mpaka zizini kwake, kijiji kizima tumeziona. Mtendaji wa kijiji akasema anakuja kuangalia, hakuja, mvua ikanyesha, kwato zikafutika, na maneno yakaishia hapo. Ila Ida na Jenipher Jumatano wanakuja wote, na mimi nakaa katikati yao.

Sasa jana. Jenipher anamimina chai, amefika kwa Ida, Ida akafunika kikombe na kiganja.

"Mimi leo ya rangi."

"Dada, maziwa ni ya leo asubuhi," Jenipher akasema.

"Nimesema ya rangi."

Mzee Hezekia akatia utani, "Mwacheni, anataka afanane na mimi kwa weusi," hakuna hata mmoja aliyecheka, mama, na mzee yule huwa anatuvunja mbavu.

Tukaanza kusoma, tupo kwenye Marko, yule mtu mwenye mkono uliopooza, na mstari ulioangukia kwa Ida ni ule Yesu anawauliza wale wakubwa, siku ya sabato inaruhusiwa mtu aponywe au auawe? Ida akasoma mpaka katikati akakwama. Rafaeli akasema endelea dada. Ida akasema sioni, miwani. Miwani anayo usoni! Jenipher ndiye akainama akammalizia, pale wanaponyamaza wote hakuna anayemjibu.

Tunagawanywa, mimi nimepewa Scolastica, Ida akanyoosha mkono. "Katekista, leo nataka niombe na Mama Jovin." Mama Jovin ndiyo mimi. Rafaeli akamwangalia, "Una uhakika?" watu wakacheka. Ida akasema, "Namtaka huyo huyo." Mwenzangu nikajiona mtu! Nikaweka mkono juu ya Injili, nikasema mara zangu mbili, tukaenda nyuma ya jiko.

Hakuomba. Alinishika hapa juu ya mkono mpaka kucha zikaingia, akasema, Lucas amenunua sumu. Lucas ni mwanawe, mkubwa, ana mke, siyo mtu wa maneno mengi. Machibya ana magogo amechonga kama mitumbwi, Jumapili akitoka kanisani anawamwagia ng'ombe chumvi humo, na gunia la chumvi linakaa nje chini ya kibanda. Lucas anasema Jumapili watu wote wakiwa ibadani yeye atapita pale. Nikamwambia Ida, wewe si mama yake, mkataze! Akasema nimemkataza, amenijibu mama wewe samehe, mimi simo kwenye hicho kikundi chenu. Halafu akaniambia, "Umeweka mkono, Mama Jovin. Umeweka mara mbili." Akaondoka hata amina hatukusema.

Mshauri mimi sijalala. Nikisema nimevunja kiapo cha Injili, Lucas anakwenda jela, mjane anabaki na nani, na ndugu zake Machibya nawajua, wakisikia habari ya sumu hawatasubiri polisi, watakuja na fimbo zao, na vijana wa huku nao wana mapanga, mwaka fulani walishakatana kwa ajili ya ng'ombe, sitaki hata kukumbuka. Nisiposema ng'ombe wanakufa, na maziwa je, watoto wa Jenipher wanakunywa hayo hayo, madereva wangu wanakunywa hayo hayo. Na Ida kukataa maziwa kumenichanganya, sijui Lucas ameshaanza, sijui roho tu imemkataa. Leo asubuhi Jenipher ameniletea kidumu kama kawaida, ananiambia Mama Jovin mbona huniangalii, nikapokea, alipoondoka nikamwaga yote nyuma ya meza, wateja nikawaambia leo ya rangi. Sasa niambie, huu mkono niliouweka unanifunga au haunifungi? Kama unanifunga niambie nivumilie, na kama haunifungi niambie niende wapi, maana nikifungua mdomo mimi sijui kuufunga, hilo najijua. Nijibu kabla ya Jumapili, na bando lenyewe ni la kuungaunga.

Mimi Mama Jovin, muuza chai, Mikumi.

MAMA DITRAM ANAJIBU

Mama Jovin, majina yote nimeyabadilisha, lako pia. Nimekupigia toka jana usiku, simu haipatikani, kwa hiyo leo wenye kesi za wakwe na wachumba watasubiri, naanza na wewe. Wasikilizaji, mwenye jirani muuza chai Mikumi ampelekee redio mezani.

Pole. Najua umebeba kitu kizito, na mtu asiyezoea kubeba kimya huchoka haraka. Ila nitakugombeza. Umemwaga maziwa ili madereva wasidhurike, vizuri. Watoto wa Jenipher jana wamekunywa nini? Umepokea kidumu mkononi mwa mama yao, ukamwacha arudi nyumbani akawakorogee uji kwa maziwa hayo hayo, wewe umekaa unasingizia meno. Hapo hukunyamaza kwa sababu ya Injili. Uliogopa, na mimi ningeogopa, lakini uiite hofu.

Unauliza mkono unakufunga? Ule utaratibu uliwekwa kwa ajili ya mume wa Anitha na nyumba ya wageni. Uliwekwa aibu ya mtu isitembee sokoni. Katekista wako hakuuweka ili sumu ipate mahali pa kujificha, kamuulize mwenyewe. Na jibu mlilisoma Jumatano hiyo hiyo, mama. Yesu aliwauliza mtu aponywe au auawe, wote wakanyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kulikomkasirisha. Au hapo ulikuwa unaangalia miwani ya Ida?

Sasa nisikilize, maana umeandika kitu ukakipita. Ida alikuwa na katekista pale. Alikuwa na mzee Hezekia, alikuwa na Scolastica. Akawaacha wote akanyoosha mkono akakuomba wewe, wewe unayesemeshwa mara mbili. Katekista akamuuliza kama ana uhakika, akasema huyo huyo. Ukajiona mtu! Mama mzima, mwenye siri anayotaka ikae, akuletee wewe? Yule mjane hawezi kumshtaki mwanawe kwa mdomo wake, na kunyamaza hawezi, maziwa yenyewe yamemshinda kumeza. Amekupa wewe akijua utasema. Kukukumbusha kiapo ilikuwa ni mama anajaribu kumlinda mtoto wake mpaka dakika ya mwisho. Na wiki hii moja aliyokuhitaji uwe ulivyo, ndiyo umeamua kuwa bubu.

Funga meza ya chai sasa hivi. Nenda kwa Ida kwanza, usipitie kwa mtu. Mwambie, "Ninakwenda kwa Jenipher. Twende wote au nakwenda peke yangu." Usibishane naye, akilia, lia naye mkiwa njiani. Kwa Jenipher ongea na Jenipher, siyo na kundi la shemeji zake. Mwambie chumvi yote aifukie, magogo yaoshwe, mpya ikae ndani kwa kufuli, maziwa asimpe mtoto mpaka mtu wa mifugo awaangalie ng'ombe. Jina la Lucas si lazima alijue leo. Habari ya chumvi lazima aijue leo.

Ukitoka hapo, wewe na Ida mchukueni katekista muende kwa Lucas, hiyo sumu aitoe mikononi mwake. Akiitoa, ameponea hapo, hajaua kitu, hana kesi ya damu. Akikataa, mnakwenda kwa mtendaji na polisi leo leo, na Ida akikushika mkono tena, ubandue kucha uende.

Halafu kuna deni lenu ninyi wa kikundi. Shamba la mjane limeliwa, kwato mmeziona wote, na kila Jumatano mmekaa duara mnakunywa chai mnasema kilichowagusa. Hakuna aliyeguswa na mahindi ya Ida? Katekista na mzee Hezekia wasimame kwenye mkutano wa kijiji waseme walichokiona, mtendaji aulizwe kwa nini hakuja, Machibya ajibu mbele ya watu. Lucas alitafuta sumu baada ya wakubwa kukaa kimya. Msimwambie Ida asamehe kabla hamjasema ukweli kwa niaba yake.

Na pale mezani kwako, hapana. Hata dereva mmoja. Hata shemeji ya mtu. Watu wanaopaswa kusikia nimekutajia, wengine wote waambie ni meno.

Jumatano utakaa tena katikati ya wale wanawake wawili. Nataka siku moja Jenipher amimine na Ida aondoe kiganja juu ya kikombe, na haitakuwa wiki hii. Wiki hii nataka watoto wawe wazima tu. Ida alikuchagua kwa huo mdomo wako, Mama Jovin. Inuka ukaufungue.