Dada, Tulikuwa Tunakilisha Kijito

Morogoro, Jumapili ya kwanza ya Machi. Huu ni mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke kijijini kwetu Bugomora.

Shikamoo, Dada Koleta.

Tangu wakuzike, kibanja chako anakilima binti yako Adventina. Migomba imesimama vizuri, na kahawa pia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiivizia mvua? Wingu likishakuwa jeusi, ndipo unashika beseni la mbolea ya chumvichumvi na kukimbia nalo katikati ya migomba. "Mbolea isiponyweshwa hufa kiu," ulisema. Mimi niliyesoma nikakuandikia kwamba uko sahihi. Dada, tulikosea wote wawili. Ile mvua kubwa uliyoipenda iliizoa mbolea na kuishusha kijitoni. Ule ukoga wa kijani pale mnapochota maji, ambao uliwagombeza wafua nguo kwa ajili yake miaka yote, tuliulisha sisi.

Siku hizi kuna programu ya kompyuta. Inapewa mteremko wa shamba, aina ya udongo na hali ya mawingu, nayo inakadiria mbolea kiasi gani itasombwa ukiiweka leo. Jibu huja kwenye simu ya Adventina. Vuli iliyopita lilisema: "Usiweke. Mvua kubwa kesho. Subiri siku nne." Wingu lilikuwa limeshatanda. Jirani yake, Ma Yustina, akaweka yake huku akimchokoza: "Wewe ngoja simu ikulimie!" Adventina akanipigia: "Mjomba, nimtii mama au niitii simu? Mfuko ni huu mmoja."

Nilikuona na beseni lako. Kisha nikamwambia asubiri.

Mvua ilipiga kutwa nzima. Mbolea ya Ma Yustina iliteremka na maji mekundu. Siku ya tano Adventina akaweka yake, akaifukia, akatandaza nyasi juu. Sasa Ma Yustina hupita kila asubuhi kuuliza, "Simu imeamkaje?" Kuna mara moja ilitangaza mvua isiyokuja. Adventina akaisamehe; hata katekista, alisema, hukosea tarehe. Ukoga haujaisha, lakini umepungua, na watu wanachota maji bila kuusukuma pembeni kwanza.

Nisamehe kwa kumfundisha mwanao kutokukutii. Nadhani ungegomba kidogo, halafu ungeuliza siku ya tano inaangukia lini.

Nakuahidi nitaipokea simu yake kila msimu, maadamu nasikia. Pumzika, dada. Miguu yangu haiiwezi tena safari ile, na kaburi la mke wangu liko hapa. Sitarudi Bugomora.