Chupa Nyeupe Chini ya Kitanda cha Baba

Kwako Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba lile bega ulilotegua kiwandani limeanza kukubali kunyanyuka. Mwambie mwanao mkubwa kuwa shangazi yake ameipata picha aliyomchora, na kwamba pua yangu si kubwa kiasi kile. Mimi nipo. Nakula, nalala kidogo, duka nafungua. Wateja bado wananipa pole, halafu papo hapo wananiuliza kama maziwa ya leo ni ya leo kweli.

Karatasi zako za malalamiko zilifika Jumanne. Nimezisoma zote. Umeandika kwamba daktari alimpasua Baba mara ya pili bila sababu, kwamba alikuwa anapona kwa chakula na sindano tu, na kwamba mzee wa miaka sabini na moja hafunguliwi kifua mara mbili ndani ya mwezi mmoja ili mtu ajaribie ufundi wake. Umenitaka nisaini kama shahidi kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naye wodini. Ni kweli, nilikuwa naye. Wewe ulifika siku ya mazishi, na siku ile nani alikuwa na nguvu ya kueleza kitu? Niache nieleze tangu mwanzo, na usiruke mistari, nakujua.

Upasuaji wa kwanza ulikwenda vizuri. Walichukua mshipa mmoja mguuni na mwingine upande wa ndani wa kifua, wakaishonea kwenye moyo ili damu ipate njia ya kupita pale palipoziba. Siku ya pili Baba alikaa kitini akamuuliza daktari kama kazi yake ina garantii. Tangu hapo akawa anamwita Fundi, na jina likashika wodi nzima, hata wauguzi wakawa wanateleza na kulitaja mbele ya mwenyewe.

Siku ya tatu alianza kula. Siku ya nne asubuhi niliinama kutafuta kandambili zake nikaiona ile chupa ya plastiki chini ya kitanda, inayopokea maji kutoka kwenye mrija uliochomekwa kifuani. Mwanzo maji yalikuwa mekundu, kisha yakapauka. Asubuhi ile yalikuwa meupe. Si meupe ya kukisia, Kaka. Nauza maziwa tangu nina miaka kumi na sita, na ningeyakuta yale dukani ningempimia mteja.

Daktari alikuja, akaitazama chupa muda mrefu, kisha akavuta kiti akatueleza. Alisema mwilini kuna mfereji mwembamba unaobeba mafuta ya chakula kutoka tumboni kuyapeleka kwenye damu, nao hupita kifuani. Walipokuwa wakiutoa ule mshipa wa kifuani, tawi moja la mfereji huo lilijeruhiwa. Alisema ni jambo la nadra, kwamba katika miaka yake yote ya kazi ameona wagonjwa wawili tu, na hakuficha kwamba hili limetokea mikononi mwake. Tiba ya kwanza ni kuunyima mfereji kazi: Baba asile mafuta hata tone, apate wali mkavu, mboga za kuchemsha, matunda, dripu na sindano, ili jeraha lizibe lenyewe. Lisipoziba itabidi aingie tena kulifunga kwa uzi, na kwa moyo ule uliotoka tu kushonwa hakutaka kabisa kufika huko.

Basi nikawa askari. Nilionja kila sahani kabla haijamfikia. Shangazi alipokuja na sufuria ya supu nilimrudisha mlangoni mbele ya watu, nikamwambia kama anataka kumuua kaka yake atafute njia fupi zaidi. Hajanisemesha hadi leo. Muuguzi wa zamu ya asubuhi, yule wa miwani, aliwaambia ndugu wa wagonjwa wengine waje wajifunze kwangu, nami kichwa kikavimba. Kila siku alichora mstari kwenye chupa na kuandika kipimo. Lita moja na robo. Lita. Nusu. Siku ya tisa yalikuwa kikombe kimoja tu, maangavu kama maji ya dafu. Daktari alisema yakiendelea hivyo siku mbili, mrija unatoka.

Shida ilikuwa Baba mwenyewe. Kila alipoiona chupa alisema maziwa yake yanamtoka. Miaka arobaini na mitano ameianza siku kwa kikombe cha maziwa yenye malai yake juu, sasa yanamwagika chini na hakuna anayeyarudisha. Aliniuliza ng'ombe akikamuliwa bila kulishwa atasimama hadi lini. Maji yalipopungua hakufurahi hata kidogo, alisema ndiyo yanaisha hayo. Nilimcheka mara ya kwanza. Kesho yake nilimwona anahangaika kuirudisha pete ya ndoa kidoleni, kwa jinsi alivyokonda, na sikucheka tena.

Siku ya kumi na moja chupa ikarudi kuwa nyeupe. Siku ya kumi na mbili ilijaa hadi muuguzi akalazimika kuweka nyingine. Daktari alituuliza, mimi na Baba, kama kuna chochote kilichoingia, hata kijiko cha mchuzi, hata kipande cha keki. Nilimwambia hapana. Akauliza tena, taratibu, akisema kama kipo hakuna ubaya, tutaanza upya na kusubiri, lakini kama hakipo basi chakula kimeshindwa na hawezi kuendelea kumwacha Baba akipoteza lishe na kinga ya mwili. Nilimwambia hata kijiko. Siku iliyofuata wakampeleka chumba cha upasuaji. Mfereji walifanikiwa kuufunga, hilo ujue. Moyo ndio uliochoka, ukaanza kupiga ovyo, kisha mapafu yakashika uambukizo, na siku ya tano baada ya upasuaji huo akatutoka.

Kaka, una haki. Baba hakuhitaji kupasuliwa mara ya pili. Lakini aliyempeleka pale si daktari.

Siku ya kumi na siku ya kumi na moja nilimpelekea maziwa ndani ya chupa ya chai. Yale mazito, ya ng'ombe wetu wenyewe, na malai sikuyatoa. Vikombe viwili kila asubuhi, wakati muuguzi yuko wodi ya pili anagawa dawa. Nilijiambia jeraha limeshaziba, na kwamba daktari anajua moyo lakini maziwa ni sisi tunaoyajua. Si sisi tuliolelewa hivyo? Mtoto akiharisha, maziwa, mtu akifiwa, maziwa. Baba alikunywa amefumba macho na rangi ikamrudia usoni, nikaona nimefanya la maana kuliko dripu zao zote. Na daktari aliponiuliza nilimkumbuka Shangazi na sufuria yake, nikamwona yule muuguzi aliyenisifu amesimama na kalamu mkononi, uso ukanishuka. Nilidanganya kwa aibu, Kaka, si kwa sababu nyingine yoyote. Niliona aibu, na mzee akafunguliwa kifua.

Jana nilijikaza kisabuni nikaenda kumwambia daktari. Nilitaka anitukane. Aliniuliza ni kiasi gani na saa ngapi, akaandika kwenye faili, akafunga. Kisha akasema amekuwa akiurudia upasuaji ule kichwani kila siku akitafuta alipokosea. Sikuweza kumtazama.

Limebaki moja, na hili nililijua tangu siku ile. Nilipomwambia daktari hata kijiko, alimgeukia Baba. Baba alinitazama, akamwambia ni kama alivyosema binti yake. Kesho yake, kitanda kikisukumwa, alinishika mkono akaniambia maziwa aliyataka yeye, nisijibebeshe. Akaniapisha nisikuambie wewe, maisha yangu yote, kwa sababu anakujua hasira zako, na akiondoka yeye mimi sina mtu mwingine ila wewe. Aliingia mle ndani akiwa anahofia nisije nikakukosa.

Nimekuambia. Wasalimie wifi na watoto, na bega ulikande kwa maji ya moto. Sitakupigia simu. Ukitaka kunijibu, anwani yangu ni ileile, na usipojibu nitajua kwamba Baba alikuwa anakufahamu vizuri.

Mimi mdogo wako,
Chiriku