Wimbo wa Ukili Umeingia Kwenye Bale

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemwosha Somoe, nimemlisha uji, nimemgeuza upande. Mzito kama gunia la nazi. Mdogo wangu huyu, tangu apooze hajatoa neno. Nikakaa na miyaa yangu ya mkindu, nikasuka ukili wa mkeka, nikaimba nusu yangu ya wimbo. Nikanyamaza kumpisha. Kimya.

Jumatano, 6 Agosti
Daktari wa Kilindoni kasema tumzungumzishe, ulimi usisahau kazi. Namzungumzisha mpaka namtukana. Jirani yangu Bi Zena kaja, kasema, "Mwimbie hiyo nusu yake, labda atakumbuka." Nimemfukuza. Anajua vizuri. Wimbo wa ukili ni wa wawili, mmoja anaanza, mwenzie anajibu. Nusu ya mwenzio huiimbi maadamu yu hai. Ukiiimba umemzika. Mama alitukanya hivyo. Sitamzika Somoe ili nisikie sauti yake.

Ijumaa, 8 Agosti
Nasra, mjukuu wangu, kaniletea simu. Wazungu wanacheza bale, wasichana weupe wamesimama kwenye ncha za vidole kama yangeyange kwenye matope. Na muziki ni wimbo wetu. Wetu. Kuna mgeni alikuja hapa kisiwani kwetu Chole zamani na kinasa sauti, mimi na Somoe tukamwimbia, tukacheka, akaenda zake nao. Fidla zinaimba nusu yangu. Filimbi ikaanza ya Somoe. Nimeirudisha simu hapohapo. Wamemzika.

Jumamosi, 9 Agosti
Hasira. Shule sikwenda, herufi nimezipata ukubwani, lakini wizi naujua. Nasra kasoma kwenye simu, anasema ndiyo desturi yao tangu zamani. Mtunzi mmoja alichukua wimbo wa kubembeleza mtoto, wa watu wa Jojia huko milimani, akautia kwenye bale, ukachezwa kama ngoma ya Waarabu. Mwarabu hata mmoja hakuwamo. Mwingine alisikia kinanda cha barabarani, akadhani wimbo hauna mwenyewe, akauchukua. Kumbe mwenyewe yu hai, akadai chake, akapewa.
"Na wewe dai, bibi."
Sitaki pesa. Namtaka Somoe. Nikalia mbele ya mjukuu, sikujali.

Jumapili, 10 Agosti
Somoe kakataa uji. Kauma meno. Anatazama makuti ya paa tu. Namjua mtu anayetaka kwenda zake. Mimi nibaki na nani? Nimemtukana, nimembusu, nimemtukana tena.
Kisha nikawaza. Simu si mtu. Hata ikiimba nusu ya Somoe, simu haina mwenzie wa kumzika. Mungu anisamehe kama nakosea. Sina kingine.

Jumatatu, 11 Agosti
Baada ya alasiri nikamwita Nasra. Nikasema bismillahi. Kaweka simu karibu na sikio la Somoe. Fidla zikaimba yangu. Ikaja filimbi, mbio mbio, inarukaruka kama kuku aliyemwagiwa maji.
Somoe akakunja uso. Uso ule naujua, ndio wa kumkaripia binti anayesuka ovyo. Tangu usichana hakubali mtu amharibie wimbo wake. Midomo ikahangaika. Mate yakamtoka. Halafu sauti, mbovu, ya upande mmoja.
"Si hivyo."
Nasra kaiangusha simu. Mimi nikamwambia Somoe, "Basi tuonyeshe, mjuaji wee."
Hakuonyesha. Akalala. Lakini uji wa jioni kanywa.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimesuka kidogo. Miyaa mikavu, inakatika. Nimeimba yangu. Nikanyamaza kumpisha. Nikangoja sana.
Ikaja nusu yake. Polepole, bila maneno. Sikumsaidia.