Nilisikia, Sikutoka

Mwiko juu ya mfuniko wa sufuria. Mara tatu, kimya, kisha mara tatu tena.

Leo ni Jumamosi. Mvua inatishia tangu asubuhi bila kunyesha, na milima ya Kongo haionekani ng'ambo ya ziwa. Wiki tatu zimepita tangu nisikie mlio ule, na bado nausikia nikiosha vyombo, nikipiga mswaki, hata jirani akifunga geti lake.

Kwa asiyejua mtaa wetu: hapa Kasingirima kuna nyumba ya vyumba vitatu ambamo wajawazito wa vijiji vya mwambao, wanaokuja kwa boti, hukaa kungojea siku zao wakiwa karibu na hospitali. Inaendeshwa na kikundi chetu cha wanawake, na mimi ndiye katibu. Kwa miaka mingi haikuwa na mfadhili. Ilikuwa na majirani. Huyu alileta dagaa, yule chupa ya mawese, mwingine kuni. Uchungu ulipomshika mama, aligonga mfuniko, na aliyekuwa karibu alitoka hivyo hivyo alivyo. Niliwahi kumwona Mama Zaituni, jirani wa ukuta kwa ukuta, akikimbia na unga wa maandazi hadi kwenye viwiko.

Kisha ikaja ruzuku ya serikali. Andiko niliandika mimi. Tukapata vitanda, bati jipya, na mhudumu wa kuajiriwa, dada Neema. Siku ya kukabidhiwa nilisimama mbele ya mtaa mzima nikasema, "Majirani zetu, asanteni. Sasa serikali imewatua mzigo."

Watu walipiga makofi. Nilifurahi kuliko wote.

Sababu ya furaha ile sijawahi kumwambia mtu. Kila Ijumaa nilikuwa napita mlango kwa mlango kuiombea nyumba ile, na nilichukia. Nilichukia kusimama uani kwa watu, mimi na shahada yangu, nikisubiri mtu anawe mikono aniletee kibaba cha unga. Ruzuku ilipoingia, nikaacha. Hakuna aliyeniambia niache.

Mwezi wa kwanza dagaa wakapungua. Baadaye kuni nazo zikakoma. Nikawalaumu majirani kimoyomoyo: kumbe walikuwa wanatoa kwa kulazimika tu.

Chuoni mhadhiri mmoja alitufundisha kwamba serikali ikitia fedha kwenye shirika la hisani, watu hurudisha mikono yao mfukoni. Kila mmoja hujiambia kodi yake imeshafika huko. Nilibishana naye darasa zima likinitazama. Nilisema watu wa kwetu hawatoi kwa hesabu hiyo. Hadi leo naamini sikukosea sana. Ila sikumfikiria mwombaji, yule anayepita milangoni. Yeye akishashiba, ataendelea kubisha hodi?

Siku ile ilikuwa mchana, saa nane. Nilikuwa nyumbani kwangu, nyumba ya nne kutoka pale, naandika ripoti. Nilikuwa kwenye sentensi inayosema huduma zinapatikana wakati wote.

Nikasikia mfuniko.

Nikawaza, Neema yupo. Nikaendelea kuandika.

Neema hakuwepo. Alikuwa kwenye semina ya kujaza fomu za ruzuku, na mimi ndiye niliyempa ruhusa asubuhi ya siku hiyo hiyo. Nilisahau. Majirani nao walisikia, na kila mmoja aliwaza kama mimi: kuna mtu wa kazi hiyo.

Editha, mama kutoka kijiji cha Mwamgongo, ndiye aliyegonga; alipoona hatokei mtu, alijikokota mwenyewe kwenda barabarani. Alijifungulia kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Mpita njia akamfunika kanga na kuwatafutia bajaji. Mtoto alifika hospitali akiwa anapumua. Hakuvuka jua la siku ile.

Muuguzi aliniambia huenda ingekuwa hivyo hata kama angewahi. Huenda. Nimelala na neno hilo wiki tatu, halinipi usingizi wala halinihukumu.

Juzi boti ilileta mwingine. Anaitwa Rehema, naye wa Mwamgongo, ana miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, miguu imevimba. Aliniuliza, "Dada, nikishikwa uchungu na dada Neema katoka, nani atakuja?"

Sikuwa na jina hata moja la kumtajia.

Kwa hiyo leo asubuhi nimetoka. Ruzuku sijaikataa. Vitanda vile ni vizuri, na Neema anafanya kazi yake. Kuacha kubisha hodi hakukuwa sharti la serikali.

Nilianzia kwa fundi cherehani wa kona, kwa kuwa naogopa ulimi wake.

"Lo! Mheshimiwa katibu!" alisema bila kuinua mguu kwenye pedali. "Leo umetukumbuka? Au serikali imeishiwa unga?"

"Sikuja kuomba unga, kaka. Nimekuja kusema kwamba siku ya Editha nilisikia, nikabaki ndani."

Mashine ikasimama.

"Na mimi," alisema.

Nyumba mbili hazikunikaribisha. Ya tatu, mama mmoja alinisikiliza akiwa nyuma ya wavu wa mlango, kisha akasema mumewe hataki mambo ya ofisi. Nikasema si ya ofisi. Akasema hivyo ndivyo nilivyosema mwaka jana, kabla ya ruzuku. Nilishukuru, nikaondoka.

Mama Zaituni nilimwacha wa mwisho. Nilimkuta anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Nikasema yangu yote, pamoja na lile la kuchukia kuomba. Hakuinua macho kwenye ungo.

"Mwanangu, unajua sisi siku ile tuliumia?"

"Ya Editha?"

"Hapana. Ya makofi. Ulisema serikali imetutua mzigo. Mimi nilirudi hapa nikajiuliza, kwani mimi nilikuwa nimebeba mzigo? Nilidhani nina wageni."

Nililia pale pale kwenye mkeka, kilio kibaya cha mtoto. Hakunibembeleza. Alimaliza kuchambua mchele, akasema, "Haya, futa kamasi. Kaniletee huyo mgeni."

Nyumba tano zimekubali kutoka mfuniko ukigongwa. Sikuwaandikisha popote. Saa kumi jioni nilimshika Rehema mkono, tukatembea polepole kwa ajili ya miguu yake, mlango mmoja baada ya mwingine, ili wamwone uso na yeye awaone. Fundi alimpa kiti. Kwa Mama Zaituni tulikaribishwa ndani. Alimwekea kiganja tumboni bila kuomba ruhusa, akamuuliza ni binti wa nani huko Mwamgongo, na Rehema akaanza kutaja ukoo wake, mmoja mmoja, kuanzia kwa babu.

Nikawaacha hapo.