Nilimchagulia Kitabu Kibaya Makusudi, Sasa Anataka Kuacha Masomo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo mwisho wa kupokea fomu, na fomu yenyewe ninayo mimi kwenye mkoba, haijasainiwa, na kila nikiufungua mkoba kutoa chaki naiona.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, mwanamume wa miaka arobaini na tatu, mume wa mtu na baba wa watoto watatu, na huu ni mwaka wa pili nakaimu ukuu wa idara ya hisabati shuleni kwetu. Nakaimu tu, kwa sababu cheo chenyewe kinataka shahada ya pili, ndiyo maana mwaka huu nikajiandikisha chuo, masomo ya jioni na Jumamosi, nikijua nikimaliza hakuna wa kunisogeza. Siku ya kwanza naingia darasani chuoni, namkuta mtu kakaa kiti cha mbele, daftari jipya, kalamu tatu kazipanga, anageuka anasema, "Shikamoo mwalimu! Kumbe tuko wote!"

Binti huyu nilimfundisha miaka minne. Wenzake walimpa jina la Hatua, kwa sababu hakuna swali lililopita ubaoni bila yeye kunyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, hapo katikati umeruka hatua gani?" Nilimpenda kama mwanangu, sikudanganyi. Alipomaliza shahada ya kwanza akapangiwa shule yetu, meza yake ikawekwa ikitazamana na yangu, na mimi ndiye niliyemtembeza madarasani nikimtambulisha kwa majivuno, "Huyu ni kazi ya mikono yangu."

Sasa mshauri, somo lililotupeleka puta linaitwa topolojia. Ni tawi la hisabati linalochunguza ni kitu gani katika umbo kinachobaki palepale hata ukilivuta, ukalikunja, ukalipinda, mradi hujalikata wala kulitoboa. Likisemwa hivyo linasikika kama mchezo wa watoto, ila vitabu vyake vingi vimeandikwa kana kwamba msomaji alizaliwa akilijua. Mhadhiri wetu alituambia kila mtu achague kitabu chake, maktaba vipo, yeye anatahini somo na si kitabu. Nikaenda Jumamosi mbili mfululizo, nikakaa sakafuni katikati ya rafu, nikafungua vitabu vinane mpaka magoti yakafa ganzi, na cha nane ndicho kilichonifungua macho, kitabu chembamba cha jalada la njano, kila fasili imetanguliwa na mchoro na mfano, mazoezi yanaanza mepesi yanapanda taratibu, na mwishoni kuna vidokezo vya kumwinua aliyekwama. Kilikuwa na nakala moja tu. Nikakiazima.

Jumatatu yake, wakati wa mapumziko, Hatua akaja na kikombe chake cha chai akasimama mbele ya meza yangu. "Mwalimu, wewe umeshavipitia vile vitabu. Nianze na kipi?"

Kitabu cha njano kilikuwa kwenye droo, goti langu limeigusa droo. Na wiki moja kabla, kwenye kikao, mwalimu mkuu alikuwa ametania mbele ya watu wote kwamba kati yetu wawili atakayetangulia kumaliza ndiye atakayekabidhiwa idara, watu wakacheka, mimi sikucheka. Nikamwangalia yule binti na kalamu zake tatu nikaona kabisa atanipita, tena bila kutoka jasho. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Chukua kile kinene cha bluu. Kile ndicho cha watu makini."

Nilikijua kile cha bluu, mshauri. Hakina mchoro hata mmoja, uthibitisho mistari miwili, palipo pagumu kimeandika "hili ni dhahiri" kikapita. Kumpa mtu aliyezoea kuuliza hatua ni kumtupa kisimani. Naye akanishukuru! "Asante mwalimu, ningehangaika bure."

Jaribio la kwanza nilipata sabini na moja. Yeye alipata kumi na tisa, mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kushuka chini ya themanini. Kesho yake akanifuata kwenye korido, karatasi kaikunja ikawa ndogo kama tiketi. "Mwalimu, ukurasa wa kumi na moja nimeusoma mara sita. Kinasema seti inaweza kuwa wazi, na hapohapo ikawa funge. Mlango hauwi hivyo. Halafu kinaendelea kana kwamba hakijasema kitu. Wewe ulielewaje?" Mimi nilielewa kwa sababu cha njano kimechora vipande viwili vya mstari vilivyoachana, kikasema hivi viwili ndivyo dunia nzima, hakuna kingine, sasa tazama, kila kimoja ni wazi na kila kimoja ni funge. Ningeweza kumchorea ukutani kwa kidole. Nikamwambia, "Ongeza bidii."

Akaongeza. Akakonda. Siku moja alinyoosha mkono kuchukua kalamu nyekundu kwenye droo yangu, kama anavyofanya siku zote, nikaubana mkono wake kwa nguvu na kupaza sauti, "Droo hiyo usifungue!" Ofisi nzima ya walimu ikageuka kututazama. Yeye ndiye aliyeomba radhi. Na wiki iliyopita napita nje ya darasa lake nikasikia mtoto anamuuliza swali, naye akamjibu, "Kaa chini. Kama huelewi, huenda somo hili si lako." Yale maneno hakuyatoa kwangu, sikuwahi kumwambia mtoto neno kama lile, lakini nilijua nani kampandia.

Mke wangu ni muuguzi. Asubuhi ya Jumapili alinikuta nakiwekea kile kitabu jalada la karatasi ya kalenda, akacheka, "Wenzako wanaficha barua za hawara, wewe unaficha hesabu?" Nikashindwa kucheka, nikamweleza yote. Akaiweka chini pasi aliyokuwa akinyooshea sare yake. "Wewe ni mwalimu au bawabu?" Tangu siku hiyo haniongeleshi ila kwa habari za watoto.

Na Jumatatu hii ndiyo Hatua akaniletea fomu ya kujiondoa chuoni, inataka sahihi ya msimamizi wake kazini, na msimamizi ni mimi. Nikamuuliza kama ameamua kweli. "Akili yangu imefika mwisho wake, mwalimu. Afadhali nimejua mapema." Kwa taratibu za shule yetu, mwalimu aliyejiondoa masomoni kwa hiari haruhusiwi tena mpaka ipite miaka mitano. Nikamwambia ngoja niipitie. Sasa kila tukikutana salamu yake ni, "Umesaini, mwalimu?"

Nikisaini nimemzika. Nikimwambia ukweli atanishtaki kwa mwalimu mkuu, ofisi itanicheka, na kukaimu kwenyewe kutaniponyoka. Nimewaza nimwekee tu kitabu mezani kimyakimya asijue kimetoka wapi. Nisaidie, maji yamenifika shingoni.

Mwalimu asiyestahili kuitwa hivyo

JIBU

Mwalimu, barua yako ilinifikia Jumatano na gazeti linatoka Jumapili, kwa hiyo nikapiga namba uliyoiacha. Ukapokea ukinong'ona kama mtu aliyejificha darini. Nitayarudia hapa niliyokuambia, kwa kuwa droo kama yako ziko kwenye ofisi nyingi.

Kwanza, kumwonea wivu mwanafunzi wako si ajabu. Kila mwalimu husema anaomba mwanafunzi ampite, na siku anapoliona vumbi la huyo mwanafunzi mbele yake, roho humruka. Hilo nakusamehe. Ungekificha kitabu ukanyamaza, ningekuita mchoyo na tungemaliza. Lakini wewe uliulizwa njia, ukaielekeza ile unayoijua ina shimo, kisha ukasimama pembeni ukimwambia aliyetumbukia aongeze bidii! Mkeo kakuuliza swali zuri, nami sina la kuongeza juu yake.

Habari ya kuweka kitabu mezani kimyakimya, futa. Najua kwa nini unaipenda, ni toba isiyo na aibu. Huyo binti akikiokota kitabu cha njano akakielewa, bado ataamini kwamba miezi hii alikuwa mjinga, na kwamba amefika pale pa kusomeshwa kwa michoro kama mtoto mdogo. Umemwibia vitu viwili, na kitabu ndicho kidogo. Imani yake kwa akili yake mwenyewe hairudi mpaka ajue nani aliichukua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayekufa si wewe.

Mimi na hesabu tuliachana zamani, kwenye sehemu na desimali, kwa hiyo juu ya vitabu nilimuuliza jirani yangu, mwalimu mstaafu wa hisabati, na alichoniambia kitawafaa na wengine wanaoanza somo hili. Alisema usichague kitabu kwa unene wala kwa sifa za aliyekisoma. Chukua jambo moja linalokusumbua, hilo la wazi na funge linatosha, litafute katika kila kitabu, soma kurasa mbili hukohuko kwenye rafu. Kile kinachokuacha na hamu ya kuchukua penseli uchore, azima hicho. Kabla hujatoka nacho jaribu maswali yake matatu ya mwanzo, ukishindwa yote matatu kirudishe bila haya. Alisema pia kile cha bluu msikilaani, kina kazi yake, kinamfaa aliyekwisha kuona picha na sasa anataka uthibitisho mfupi usio na mafuta. Asomaye cha njano leo atakihitaji cha bluu mwakani. Ila mtu akikusifia kitabu kwa kusema ni cha watu makini, alisema, mwangalie mikono.

Nikakuambia usisaini. Nikakuambia Alhamisi, baada ya vipindi, mkiwa wawili, utoe kitabu, useme.

Ukasema, na hilo nakupa heshima yake. Ijumaa mchana ulinipigia sauti imekauka. Umenieleza kwamba hakulia wala hakupiga kelele, alikiangalia kile kitabu chenye jalada la kalenda, akauliza, "Tangu lini?" Ukamjibu, tangu siku ile ya chai. Kisha yeye akaichukua fomu yake mkononi mwako, akaichana mara mbili, akakiweka kitabu kwenye mfuko wake, na alipofika mlangoni ndipo akageuka.

"Mimi nilimwambia mama kwamba sina akili," akasema. "Nilimwambia kwa mdomo wangu, na yeye akaninyamazia siku nzima. Nenda wewe ukamwambie vinginevyo."

Mama huyo, umenieleza, ni fundi cherehani, alimsomesha binti yake peke yake, na kwenye vikao vya wazazi alikuwa akikushika mkono kwa mikono yake miwili. Nawe ukaniuliza mimi, mtu mzima na ndevu zako, "Mshauri, ni lazima?"

Ni lazima. Mtihani bado wiki tisa, na sitakudanganya kwamba atafaulu, wala kwamba atakusamehe. Huenda akaenda kwa mwalimu mkuu. Ni haki yake, na ukiitwa usitafute maneno. Cheo kikipotea, kimepotea. Hayo yote yana siku yake. Siku ya hili la mama ni leo.

Leo ni Jumapili, yuko nyumbani. Mwombe mkeo akusindikize, akikataa nenda peke yako. Usibebe zawadi, itafanana na hongo. Usianze na habari za kukaimu wala za ugumu wa somo, hazimhusu. Piga hodi, ukikaribishwa kaa utakapoonyeshwa, kisha useme, "Mama, binti yako hakukosa akili. Mimi ndiye niliyempoteza, tena nikijua." Ukimaliza hapo funga mdomo, na chochote atakachokuambia mama huyo, hata kikichukua saa nzima, kisikilize mpaka mwisho.