Jumamosi Mashine Itapiga kwa Sauti ya Oliva

Baba Oliva,

Huko uliko naamini hakuna upepo kama huu wetu wa mwezi wa saba, unaopenya hadi tundu la kitasa. Nimevaa koti lako kubwa, lile la mnadani, nakuandikia. Usinicheke mwandiko. Mimi ni wa darasa la saba, ila mtoto niliyemzaa ni wa kompyuta, na hilo nalisema popote, hata bombani.

Nianze na zuri, maana lingine ni gumu kulisema. Mwanao ameajiriwa! Yule uliyekuwa unampeleka shule kwa baiskeli, miguu yake umeifunga kwa kanga yangu isiingie kwenye spoku, watu wakiuliza "unampeleka wapi huyu?" unajibu "kazini kwake." Basi leo amekaa kwenye kiti mwendo chake na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Yuko hapa hapa Sumbawanga, kwenye shirika la kusaidia watu wenye ulemavu. Wana gari lenye fundi wa viti mwendo na dada mmoja wa mazoezi ya viungo, linakwenda Msanzi, Matai, hadi vijiji ambavyo wewe na baiskeli yako mlivikataa kwa ubovu wa njia. Jirani yetu Mama Kastori anasema najidai. Najidai ndiyo. Wake akipata kazi kama hiyo atanyamaza?

Sasa sikiliza. Ili gari lisizunguke ovyo, waliweka mashine ya kupiga simu. Kila wiki inampigia kila mwenye kiti mwendo na kila anayemtunza mwenzake, hata kwenye visimu vya kitochi. Inauliza, mtu anajibu kwa kubonyeza. Kwenye kompyuta aliye salama anatokea nukta ya kijani, aliyekwama nyekundu, na gari linafuata nyekundu. Na sauti inayouliza ni ya mwanao! Walijaribu sauti nyingi wakachagua yake. "Habari za wiki hii? Kama ni nzuri, bonyeza moja. Kama ni mbaya, bonyeza mbili." Ilipopiga hapa mara ya kwanza nikaitikia kwa kelele, "Nzuri mwanangu, umekula?" Oliva alicheka hadi machozi.

Shida ikawa hiyo ramani. Ilikuwa kijani tupu, Ufipa nzima, kama mahindi ya Januari. Wakubwa wake wakasema kumbe huku watu wako vizuri, gari lihamishiwe mkoa mwingine. Oliva hakuamini. Akaomba apelekwe Msanzi kwa bibi mmoja ambaye nukta yake ni kijani siku zote. Akamkuta amekaa juu ya gunia nje ya jiko. Kiti chake kiko bandani kwa kuku, gurudumu limekatika tangu wavune ulezi.

"Bibi, mbona kila wiki unabonyeza moja?"

Bibi akamshangaa. "We mjukuu, mtu anakusalimia kwa adabu namna ile, umjibu mbaya? Nilikuwa nangoja amalize salamu aniulize shida. Kila nikingoja, anakata."

Niliposimuliwa nilikaa chini, mume wangu. Ndivyo tulivyo. Habari za nyumbani, nzuri. Za watoto, nzuri. Za ng'ombe, nzuri. Halafu ndipo unasema, ila mzee amefariki. Na wewe je? Hospitalini daktari alikuuliza, "Unajisikiaje, mzee wangu?" Umeshika ubavu, jasho linakutoka, ukamjibu, "Nzuri tu, mwanangu, sijui wewe." Akaenda kitanda cha pili. Mimi nimesimama pale na kikombe cha uji, nikidhani labda... Basi. Niliache hapo.

Alhamisi iliyopita Oliva aliingia kikaoni. Wakamwambia bibi mmoja hatoshi kuibadilisha ramani nzima. Ndipo akawaeleza habari ya kitanda chako. Hakukuomba ruhusa, msamehe. Wakampa nafasi moja: abadilishe maswali, Jumamosi ya wiki hii mashine ipige tena kwa wote. Ramani ikirudi kijani, gari linaondoka, na fundi, na yule dada.

Amerekodi upya. Sasa inasalimia, inangoja uitikie kwa raha zako, kisha inasema, "Asante. Sasa tuongee shida." Kiti kinatembea? Tairi zinashika upepo? Kuna siku ulishindwa kutoka ndani? Kila swali, moja ni hakuna shida, mbili ni shida ipo. Kwa Kiswahili na kwa Kifipa. Tulikaa mezani nikimsahihisha Kifipa chake, maana kimeingia vumbi la mjini.

Lakini naogopa. Watu wetu wana haya, na wapo wanaodhani ukisema kiti kibovu watakuja kukunyang'anya. Nilitaka nisimame baada ya misa ya Jumapili niwaambie wote wabonyeze mbili, yaishe. Oliva akanijia juu. "Mama, usiwafundishe jibu! Mwenye kiti kizima akibonyeza mbili, gari litakwenda kwake, bibi wa Msanzi atabaki kwenye gunia." Nikafunga mdomo, nawe unajua kwangu hiyo ni kazi ya kulima. Mlangoni mwa kanisa nikasema hili tu: "Jumamosi mwanangu atawapigia. Mwambieni ukweli kama mnavyomwambia padre." Mama Kastori akadakia, "Hata hapo unajisifu!"

Kuna swali la mwisho sijakwambia. Linamuuliza mtunzaji: "Na wewe, mwili wako uko sawa?" Alipokuwa akilijaribu hapa mezani nilijifanya naangalia moto.

Ni mgongo, Baba Oliva. Oliva tulikuwa tunamnyanyua wawili, mimi na wewe. Sasa ni mimi peke yangu, asubuhi kumtoa kitandani, jioni kumrudisha, na zipo siku nashika ukuta hadi macho yarudi. Akiniuliza nasema nzuri. Naogopa akijua ataacha kazi ili asinichoshe, na kazi ile ndiyo fahari yangu yote. Kumbe yule dada wa viungo anafundisha kumnyanyua mtu bila kujiumiza, ana hadi ubao wa kumtelezesha toka kitandani hadi kitini. Ila anakwenda kwa mwenye nukta nyekundu tu. Kwetu ni kijani.

Jumamosi Oliva atakuwa ofisini mbele ya ramani, anaangalia nukta moja moja zikiwaka. Yetu nayo ataiona.

Pumzika, mume wangu. Nikivuna nitakuja kupalilia kaburi na kukueleza yalivyokwenda. Ahadi yangu ni hii: simu ikilia nitaitikia salamu kwa adabu, kama tulivyolelewa. Swali likifika kwangu nitabonyeza mbili. Halafu nitabandika maji ya chai nimngoje, maana atarudi ana maswali.

Mkeo,
Mama Oliva